Majina Yaliyo Nyuma ya Picha: Tafakari juu ya Waimbaji wa Kamina



Picha ya zamani ya gazeti ni mwalimu mzuri, lakini hufundisha nusu tu ya somo. Hutuonyesha sura, mavazi na furaha ya siku moja; hainyoshi kidole kwa yaliyotangulia siku ile wala kwa yaliyofuata. Kwa hiyo sisi tunaowaandaa walimu huwahimiza waiulize kila picha maswali matatu kabla ya kuipeleka darasani. Ni nani anayepewa heshima? Ni nani anayeitoa, na kwa sababu gani? Na ni nani hayumo pichani, ingawa bila yeye picha isingepigwa? Katika tafakari hii tutayaelekeza maswali hayo kwenye historia ya mji wetu wa Kamina. Lakini tujizoeze kwanza kwa mfano wa mbali, ambao vijana wengi wanaopenda muziki wataufahamu upesi.

Tarehe 16 Februari 1968, mjini Detroit huko Marekani, meya wa mji alitangaza kuwa siku hiyo ni ya kumheshimu Aretha Franklin, mwimbaji wa muziki uitwao soul, yaani muziki wa roho. Alikuwa na umri wa miaka 25. Usiku ule, mbele ya umati, Mchungaji Martin Luther King alipanda jukwaani kumkabidhi tuzo kwa niaba ya chama cha viongozi Wakristo alichokiongoza katika kupigania haki za watu weusi. Mchungaji King alikuwa anaumwa koo, hata hakuweza kuhutubia. Mtu ambaye sauti yake ilijulikana dunia nzima alitoa heshima hiyo karibu kimya. Kabla ya miezi miwili kutimia, tarehe 4 Aprili, aliuawa mjini Memphis, na picha za usiku ule zikawa ukumbusho wa wote wawili.

Tukiuliza ni nani anayepewa heshima katika picha hizo, jibu ni rahisi. Ni nani anayeitoa? Kiongozi aliyejua kwamba wimbo huwatia watu moyo pale hotuba inapochoka. Lakini ni nani hayumo? Halimo kanisa la New Bethel la mjini Detroit, ambako baba yake Aretha, Mchungaji C. L. Franklin, alihubiri, na ambako binti huyo alianza kuimba akiwa mtoto. Hawamo waumini walioitikia kwa makofi na kwa machozi alipokuwa bado anajifunza. Hawamo watumwa wa zamani, babu na bibi za babu zao, waliotunga nyimbo za maombi mashambani bila kalamu wala karatasi. Muziki wa soul ulichota sauti yake katika kisima hicho cha ibada. Tuzo ilipokelewa na mikono miwili, lakini kazi ilikuwa ya mikono elfu.

Sasa tuyalete maswali yale nyumbani.

Kamina ni mji wa reli. Hapa njia ya kutoka kusini, Lubumbashi, hugawanyika: tawi moja huelekea Kasai, jingine huelekea Kabalo na Ziwa Tanganyika. Mji wa namna hiyo huwakusanya watu wa lugha nyingi na nyimbo nyingi. Mwezi Septemba mwaka 1953 alifika hapa Padri Guido Haazen, mtawa Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka 1921, ili afanye kazi ya shule. Haikupita miezi mingi akawa ameunda kikundi cha waimbaji na wapiga ngoma. Kilikuwa na wavulana wapatao 45, wenye umri kati ya miaka 9 na 14, pamoja na walimu wapatao 15 wa shule ya Kamina. Wavulana waliimba sauti za juu. Walimu waliimba tenori na besi, na kupiga ngoma. Mwalimu na mwanafunzi walisimama katika wimbo mmoja, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Sisi tulio katika kazi ya ualimu hatuwezi kulipita jambo hilo bila kulistaajabia.

Kikundi kilipewa jina la Les Troubadours du Roi Baudouin, maana yake waimbaji wa Mfalme Baudouin, aliyekuwa mfalme kijana wa Ubelgiji na wa nchi yetu iliyotawaliwa naye. Tuangalie vizuri. Heshima ya kwanza katika historia hii walitoa waimbaji wenyewe, kwa mtu asiyeimba. Watoto wa Kamina walibeba jina la mfalme kwenye kila tangazo la tamasha na kila jalada la santuri, na majina yao yalibaki nyuma ya jina hilo. Hatusemi hivyo ili kumhukumu mtu. Ndivyo mambo yalivyopangwa wakati wa ukoloni, na ni wajibu wa historia kuyasema yalivyokuwa.

Kutoka kikundi hicho ilizaliwa Missa Luba. Maneno yake ni ya Kilatini, yaleyale yaliyoimbwa wakati ule katika makanisa mengi ya Kikatoliki duniani. Muziki wake ni wetu. Haikuandikwa kwa nota kwanza halafu ikafundishwa. Waimbaji walichukua nyimbo na midundo waliyoijua tangu utotoni, wakayaweka juu yake maneno ya Misa, wakajaribu, wakarekebishana, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, mpaka sala ikakaa ndani ya wimbo kama mbegu ndani ya ganda. Hata ilipokwisha kukomaa iliacha nafasi ya mwimbaji kuongeza lililomjia moyoni wakati ule. Iliadhimishwa kwa mara ya kwanza katika misheni ya Mtakatifu Bavo, hapa Kamina, siku ya Dominika, tarehe 23 Machi 1958.

Inafaa tujue kila sehemu ilichota wapi. Sala ya kuomba huruma, Kyrie, inafuata mtindo wa kasala. Sanctus, wimbo wa Mtakatifu, umejengwa juu ya wimbo wa kuagana. Hosanna ina mdundo wa ngoma ya Kasai. Agnus Dei, yaani Mwanakondoo wa Mungu, inatokana na wimbo wa Bena Lulua. Tukiitafakari mipango hii tunaona hekima ndani yake. Anayeomba huruma anaomba kwa sauti ya msiba, kwa kuwa huko ndiko binadamu anakojua kweli kwamba anahitaji kuhurumiwa. Anayemsifu Mungu Mtakatifu anaimba kama mtu anayeaga, aliye karibu na mlango wa mahali pengine.

Neno kasala linastahili kusimuliwa zaidi, kwa sababu baadhi yenu mmelisikia kwa wazee tu. Kwa Waluba, hasa wale wa Kasai, kasala ni utenzi wa kuimbwa, mara nyingi penye msiba, na kiini chake ni kutaja majina. Mwimbaji humwita marehemu kwa jina lake na majina yake ya sifa, kisha huwaita mababu zake, mashujaa wa ukoo, vijito na vilima walikoishi. Aliyetajwa katika kasala hajapotea. Asiyetajwa ni kama amekufa mara mbili. Basi, wazee wetu wa Kamina walipomwimbia Bwana utuhurumie kwa mtindo wa kasala, waliiweka mbele ya Mungu desturi ya watu wanaoamini kwamba kumheshimu mtu ni kumtaja.

Ili tupime uzito wa jambo walilofanya, tukumbuke sheria za Kanisa za wakati ule. Mwaka 1903 Papa Pius wa 10 alitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu, na ndani yake alikataza ngoma na vyombo vingine vya kelele visipigwe kanisani. Aliwaza hasa makanisa ya Ulaya, ambako muziki wa michezo ya jukwaani ulikuwa umeingia ibadani. Lakini agizo lilipofika kwetu, lilikuta bara ambalo ngoma yake husema, hulia na husali. Katika misheni nyingi ngoma ilibaki nje ya mlango. Mwezi Desemba 1955 Papa Pius wa 12 aliandika waraka juu ya muziki mtakatifu, akawahimiza wamisionari wazithamini nyimbo za dini za watu wanaowahubiria. Miaka miwili na miezi mitatu baadaye ngoma zililia katika Misa ya Kamina.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia, na katika namba 119 ulifundisha kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi inayostahili katika ibada. Mwaka huohuo Padri Stephen Mbunga wa Tanganyika alitoa kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma iliidhinisha Misa kwa ajili ya majimbo ya Zaire, ile ambayo leo tunaiadhimisha tukiwaita watakatifu na mababu wema mwanzoni mwa ibada. Hatudai kwamba haya yote yalitoka Kamina. Mikondo mingi iliungana, kutoka nchi nyingi. Lakini miaka mitano kabla ya hati ya Mtaguso, watoto na walimu wa mji huu walikuwa wamekwisha kuonyesha kwa sauti zao kwamba jambo hilo linawezekana.

Tufike sasa kwenye heshima yenyewe. Mwaka 1958 waimbaji wa Kamina walisafiri mpaka Ulaya. Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Waliimba pamoja na kwaya maarufu ya wavulana wa Vienna. Na kampuni ya Philips ikarekodi santuri yao, upande mmoja Misa, upande wa pili nyimbo za ndoa, za kazi na za huzuni za watu wa Kasai na Katanga. Waliimba pia kwenye Maonyesho ya Dunia mjini Brussels, yaliyofunguliwa tarehe 17 Aprili na kufungwa tarehe 19 Oktoba 1958, ambako watu zaidi ya milioni 41 walipita. Wakati ule magazeti na kamera vilikuwa kila mahali. Wavulana kutoka mji wa reli wa Katanga walisimama mbele ya watu wa mataifa yote, wakapigiwa makofi.

Hata hivyo, swali letu la tatu linatudai tugeuze macho. Katika maonyesho hayohayo, sehemu iliyotengwa kwa ajili ya Kongo, palijengwa kijiji cha vibanda vya nyasi, na ndani yake waliwekwa mafundi Wakongo ili wageni wawatazame wakichonga na kusuka. Uzio wa mianzi uliwatenganisha watazamaji na watazamwa. Baadhi ya wageni waliwarushia ndizi na sarafu, kama watu wanavyowarushia wanyama. Mafundi wale walilalamika, na mwezi Julai waliondoka wakarudi nyumbani, kijiji kikabaki kitupu.

Tuviweke vitu hivi viwili pamoja, maana vilikuwa mwaka mmoja na mahali pamoja. Mkongo mmoja alisimama jukwaani akishangiliwa kwa kuwa anaimba Misa. Ndugu yake aliketi nyuma ya uzio akirushiwa ndizi. Makofi na matusi vilitoka katika umati uleule. Hapa tunajifunza jambo ambalo kijana wa leo, anayesubiri kupendwa na watu asiowafahamu kwenye simu yake, analihitaji sana: anayekushangilia hajakuheshimu bado. Makofi hupenda sauti. Heshima hupenda mtu, humwuliza jina lake na huitambua hadhi aliyopewa na Mungu hata asipoimba. Mafundi walioondoka mwezi Julai walikuwa na hadhi ileile ya waimbaji, na waliilinda kwa njia pekee waliyokuwa nayo, yaani kufunga mizigo na kurudi kwao.

Sifa za Missa Luba hazikuishia Brussels. Mwaka 1964 mwongozaji wa sinema Mwitalia Pier Paolo Pasolini aliitumia Gloria yake katika filamu aliyoitengeneza juu ya Injili ya Matayo, filamu iliyowekwa kwa ukumbusho wa Papa Yohane wa 23. Mwaka 1968 Sanctus ilisikika katika filamu ya Kiingereza, na mwaka 1969 wimbo huo wa kanisani wa Kilatini, wenye mdundo wa kwetu, ulifika nafasi ya 28 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi Uingereza, katikati ya nyimbo za vijana wenye magitaa ya umeme. Miaka mingi baadaye, mwaka 1990, ilitolewa rekodi nyingine ya Missa Luba, safari hii ikiimbwa na kwaya ya Muungano ya Kenya chini ya uongozi wa Boniface Mganga. Wimbo wa Kamina ulikuwa umepita Ulaya ukarudi Afrika Mashariki, ukaimbwa na Waafrika wenzetu ambao wengi wao hawajawahi kuiona Kamina.

Sasa tuulize: katika sifa zote hizi, ni majina gani yanatajwa? La kwanza ni la mfalme. La pili ni la Padri Haazen, na kwa haki, maana aliona thamani mahali ambapo wengine hawakutaka kutazama, na aliifanya kazi hiyo kwa uvumilivu. Alifariki mwaka 2004. La tatu ni la mwalimu mmoja wa Kamina, Joachim Ngoi, mwimbaji pekee ambaye sauti yake inaongoza katika santuri ile. Baada ya hapo inabaki hesabu: wavulana wapatao 45, walimu wapatao 15. Watu wapatao 60 waliotunga pamoja, walioitikia, waliopiga ngoma, waliovuka bahari wakiwa watoto, nao wanatajwa kwa hesabu, kama magunia kwenye behewa. Waimbaji wa Kyrie ya mtindo wa kasala wamekosa kasala yao wenyewe.

Kuna wengine pia ambao hawamo pichani, na hapa tunawaomba mtusikilize kwa moyo mtulivu, maana jambo hili linatugusa hata leo. Tumesema kwamba Hosanna ina mdundo wa Kasai, na Agnus Dei ilitoka kwa Bena Lulua. Misa iliyozaliwa Katanga ililelewa kwa maziwa ya Kasai. Waluba wa Katanga, Waluba wa Kasai na Bena Lulua waliketi pamoja ndani ya wimbo mmoja mbele ya altare moja. Mwaka mmoja na miezi michache baada ya Misa ile ya kwanza, mwezi Oktoba 1959, Bena Lulua na Waluba walipigana kwa umwagaji wa damu mjini Luluabourg, ambao leo unaitwa Kananga, na watu wengi wakayakimbia makazi yao. Kisha ikaja kujitenga kwa Katanga, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, na vita vilivyotawanya jamaa nyingi. Na mwaka 1992 na 1993, wakati mkoa wetu ukiitwa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko, wakiwemo waliozaliwa hapa na wazazi wao waliozaliwa hapa. Walikaa majuma kwenye stesheni wakisubiri treni. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, watoto kwa wazee, na treni zile zilizowapeleka Kasai zilipita Kamina.

Tufikirie basi. Reli iliyokusanya nyimbo za Hosanna na Agnus Dei ndiyo reli iliyowabeba waliofukuzwa. Mwanakondoo wa Mungu anayeombwa atupe amani aliombwa hapa kwa wimbo wa watu wa Lulua. Ni vigumu kuimba sala hiyo halafu kumwambia mwenye wimbo arudi kwao. Leo bado tunasikia maneno makali sokoni, shuleni, na hata katika vikundi vya parokia, juu ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Kijana Mkristo wa Kamina ana jibu ambalo hakulitunga yeye. Wazee wake walikwisha kulitoa tarehe 23 Machi 1958, kwa Kilatini, kwa ngoma, na kwa sauti za pande zote mbili. Wazee wetu husema kidole kimoja hakivunji chawa. Nasi twaweza kuongeza kwamba kidole kimoja hakipigi ngoma ikasikika mpaka Brussels.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 44 ya kitabu chake, anaanza kuwasifu watu mashuhuri wa kale, na miongoni mwao anawataja waliotunga nyimbo. Lakini hajifanyi kipofu. Anakiri kwamba wengine waliacha jina la kusimuliwa, na wengine wakapita bila kumbukumbu yoyote, kana kwamba hawakuzaliwa. Kisha anafundisha kwamba wema wao haukusahauliwa, umebaki kwa uzao wao. Mungu hahitaji orodha yetu ili awakumbuke watu wake. Sisi ndio tunaoihitaji. Taifa lisilowataja waliolilea hujifunza kuwaza kwamba kila lililo jema lililetwa na wageni, na kijana anayewaza hivyo atakuwa mwepesi kujidharau na kumdharau mwenzake.

Na muda unakwenda. Aliyekuwa na miaka 9 mwaka 1958 alizaliwa karibu mwaka 1949. Aliyekuwa na miaka 14 alizaliwa karibu mwaka 1944. Walio hai sasa ni wazee sana. Kila msiba unaopita mjini petu unaweza kuwa unamzika mmoja wao, au mjane wake, au mtoto wake mwenye picha sandukuni ambayo hakuna atakayejua tena ni ya nani. Kwa hiyo tunapendekeza kazi ambayo kikundi cha vijana cha parokia yoyote kinaiweza, bila fedha nyingi.

Kwanza, ulizeni nyumbani na jirani: ni nani aliyeimba, ni nani aliyekuwa mwalimu shuleni miaka ile, ni nani aliyeambiwa na baba yake habari za safari ya Ulaya? Andikeni jina kamili, kijiji, mwaka, na mtu aliyewasimulia. Msibishane na mzee. Andikeni anavyosema, kisha linganisheni na maneno ya mwingine. Pili, mkioneshwa picha ya zamani, msiichukue. Ipigeni kwa simu, mrudishieni mwenyewe, na kwa ruhusa yake andikeni kwa penseli nyuma yake majina ya wote wanaotambulika, kuanzia kushoto kwenda kulia. Tatu, anzeni leo kwa kwaya yenu wenyewe. Wekeni daftari lenye majina ya waimbaji wote wa kila mwaka, na mpiga ngoma, na aliyetunga kila wimbo. Wimbo unapoimbwa kwenye sherehe na mtungaji akawa mwanakijiji asiye na cheo, atajwe. Msingoje mgeni mwenye kamera aje kuwapa heshima ambayo mnaweza kupeana leo jioni, baada ya mazoezi.

Kwa mazungumzo ya kikundi, tunawaachia maswali haya:

1. Katika picha ambazo kikundi chetu kimepiga mwaka huu, ni nani aliyefanya kazi kubwa lakini hayumo? Tutamtaja namna gani?

2. Makofi na heshima vinatofautiana vipi katika maisha yetu ya shule, ya kwaya na ya mitandao?

3. Ni nyimbo gani tunazoziimba kanisani ambazo asili yake ni watu ambao sisi, au jirani zetu, tunawaita wageni? Tunawapokeaje watu hao siku zisizo za Dominika?

Tunapendekeza mkutano wenu uanze kwa kusikiliza Kyrie ya Missa Luba, kwa utulivu, mpaka mwisho. Halafu kila mmoja ataje kwa sauti jina la mtu mmoja aliyemfundisha kusali au kuimba, na wote waitikie: Bwana, umkumbuke. Majina yakiisha kutajwa, mwenye daftari ayaandike.